Kisu Ndani ya Kabichi

Masika,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na koko, bibi yako mzee, amejilaza kidogo kwa sababu ya mgongo wake. Nyumba imenyamaza. Nimeleta meza ndogo hapa mlangoni, upande wa bustani, kwa maana humu ndani giza huingia mapema na nataka nimalize kabla hujarudi. Kesho asubuhi Baba Ramazani atafika na gari lake na kupiga honi mara moja tu, kama alivyotuonya, na ninajijua: honi ikilia sitaweza kukuambia lolote la maana. Nitakuuliza, "Umefunga viatu?" Ndivyo nilivyo.

Mambo ya viatu, ya kunawa mikono, ya kumsaidia mama yako mkubwa kazi za nyumba yake, sitayaandika. Mama yako yuko huko Kasese, ng'ambo ya mpaka, naye anayajua kuliko mimi. Ninaandika lile ambalo hakuna mtu mwingine wa kukuambia, kwa sababu mama yako ameamua kulinyamazia, na koko halijui lote. Una miaka kumi na moja. Nusu yake utaielewa sasa, na nusu utaielewa ukifika umri wangu, miaka thelathini na moja, ambao watoto hudhani ni umri wa mtu asiyeogopa tena.

Naanza na kabichi ya asubuhi.

Tulipokuwa tunapanga kitunga chako, uliinua kabichi ya tatu ukaipima mkononi. Ukasema, "Papa, kabichi hii iko nzito kuliko zingine."

Nikakujibu, "Ni mvua. Imekunywa maji."

Koko akadakia kutoka kwenye kigoda chake, bila hata kuinua kichwa kwenye maharage aliyokuwa akichagua: "Mvua gani? Siku nane hatuone hata tone. Karani, mvua yako inanyesha mu karatasi?"

Ukacheka. Mimi nikaichukua kabichi nikaenda nayo jikoni, na niliporudi nilikuwa nimeleta nyingine. Uliniangalia, na macho yale ni ya mama yako.

Haikuwa mvua. Ndani yake kulikuwa na kisu. Nilikuwa nimeamka kabla yenu, nikafunua majani moja moja, nikachimba shina kidogo, nikakilaza mle kile kisu cha kukunja, kanifu yetu yenye mpini wa mbao, kisha nikayarudisha majani na kuyafunga kwa uzi wa mgomba. Kazi safi. Mimi ni hodari sana wa kazi safi.

Kisu hicho alinipa marehemu baba yangu nilipomaliza sekondari na kupata diploma ya Serikali. Alikuwa mkulima wa kahawa, hakusoma, na siku ile alivaa koti lake la kanisani ijapokuwa ilikuwa Jumatano. Akaniambia, "Utachongea nayo kalamu. Mimi mikono yangu ilichongwa na jembe, yako ichonge kalamu." Nilikitunza kama alivyotaka. Nilipoajiriwa katika ofisi ya mtaa hapa Kimemi, kilikaa mfukoni mwangu kila siku, mpaka nilipomuoa mama yako, naye akakigundua.

Mama yako Kavira hakuona kwa nini kisu kizuri namna ile kishinde kimekaa mfukoni mwa mtu anayechonga penseli mbili kwa juma. Alikitumia kukata mizizi ya puaro, vitunguu vyetu vya majani, kukata kamba za kufungia mimea ya marakuja kwenye miti ya kalitusi, kupasua viazi vya mbegu. Kila asubuhi ilikuwa ugomvi wa kuchekesha. "Karani, uko na kanifu yangu?" "Ni yangu." "Yako ya ofisi, yangu ya chakula. Leta." Nami naitoa. Jioni ninaikuta juu ya meza, imeoshwa, inanuka kitunguu, na kesho yake barua za mkubwa wangu wa ofisi zinanuka kitunguu pia.

Wewe mwenyewe ulijifunzia nacho. Ulikuwa na miaka sita. Mama yako alikushika mikono yote miwili akakuonyesha kwamba kiazi cha mbegu hakipasuliwi ovyo, kila kipande lazima kibaki na jicho lake, la sivyo unazika chakula bure. Ulikata sita vizuri, na cha saba ukakata kidole gumba. Kovu unalo. Ulilia, si kwa maumivu, ulilia kwa sababu kile kipande kilikosa jicho, na mama yako akakipanda hivyo hivyo ili unyamaze.

Sasa nikuambie habari za woga wangu, kwa sababu haukuanza siku ile ya barabarani nitakayokusimulia. Ulikuwepo zamani, umekaa nami vizuri kama ndugu.

Mwaka wa kwanza wa vita hivi, mtu mmoja alikuja ofisini mchana akasema askari wanashuka, wanavuna mashamba ya watu na kupakia kwenye malori. Sikuuliza wanashukaje, wapi, kasikia kwa nani. Nilikimbia nyumbani nikachukua jembe nikaanza kuchimbua viazi vyote, mistari kumi na miwili, na ilikuwa bado mwezi na nusu. Mama yako alirudi kutoka kisimani akanikuta katikati ya bustani na suruali yangu ya ofisi, udongo mpaka magotini. Akatua ndoo. Akaokota kimoja, kidogo kama gololi.

"Papa Masika," akasema, "umevuna batoto."

Askari hawakupita mtaani mwetu mwezi ule wala uliofuata. Viazi vikaoza kwenye gunia. Mama yako aliwasimulia wanawake wote wa kanisa, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikiingia ibadani nasikia wanacheka nyuma ya vitenge. Nilicheka nao. Nilidhani hayo ndiyo mabaya makubwa ambayo woga unaweza kuleta, gunia moja la viazi.

Kisha ikaja ile safari ya Beni.

Ulikuwa na miaka tisa, ulibaki na koko. Puaro zilikuwa zimekubali sana msimu ule, nyeupe, nene kama mkono wako, na Beni hazioti vizuri kwa sababu ya joto, kwa hiyo kule zinanunuliwa haraka. Mama yako akajaza kitunga. Mimi nilikuwa na bahasha tatu za ofisi za kupeleka, basi tukasema tusafiri pamoja. Alifurahi. Alivaa kitenge kile cha bluu.

Siku zile barabara ya Beni ilikuwa na bariere nyingi, vizuizi vya askari. Gari linasimama, abiria wote wanashuka, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mwanaume akikutwa na kitu chenye makali mfukoni, hata kidogo, anaambiwa ni mtu wa porini, na wengine walioambiwa hivyo hawakupanda tena gari. Wanawake wenye mavuno hawakupekuliwa sana. Basi sisi wanaume wa Butembo tukazoea jambo ambalo hakuna aliyeliona kuwa baya: vitu vyetu vinasafiri ndani ya vitunga vya wake zetu. Betri, karatasi, redio ndogo, chini ya majani ya sombe, chini ya ndizi. Hatukuwaomba. Tuliviingiza tu, kama mtu anavyoweka kofia yake juu ya meza yake.

Tulipokaribia bariere ya pili niligusa mfuko nikakikuta kisu. Nilikisahau. Mwanaume mwangalifu kama mimi, niliyehesabu bahasha tatu mara tano, nilikisahau kisu. Gari lilikuwa limeanza kupunguza mwendo. Kitunga kilikuwa miguuni petu. Nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikakisukuma katikati ya puaro. Mama yako aliona mkono wangu ukiingia. Alivuta majani akafunika.

Siku ile walipekua vitunga.

Askari alikuwa kijana, labda hakufika miaka ishirini. Alimwaga puaro zote kwenye vumbi, kisu kikaanguka juu ya rundo lake. Akakiokota, akakifungua, akakijaribu kwenye ukucha.

"Kisu hii ni ya nani?"

Masika, nilikuwa nimesimama mbali nao kama kutoka hapa mlangoni mpaka kwenye mti wa parachichi. Nilisikia kila neno.

"Ni yangu, shefu," mama yako akasema. "Nakatiaka nayo mapuaro."

"Mapuaro? Kisu ya kukunja? Hii ni kisu ya mwanaume. Bwana yako iko wapi?"

Hakunitazama. Jambo hilo ndilo siwezi kulisahau, jinsi alivyojizuia asinitazame. Akasema, "Bwana yangu iko ku nyumba."

Askari akageuka kwa upande wetu. Akatutazama mmoja mmoja, akaona bahasha zangu, shati langu jeupe. Akanyanyua kisu juu.

"Wewe, wa karatasi. Unajua kisu hii?"

Nikasema, "Hapana."

Neno moja. Nimeandika maneno mengi maishani, mengine yamepigwa mihuri mitatu, lakini ukiniuliza maisha yangu yamewekwa juu ya neno gani, ni hilo. Sikulifikiria. Lilitoka lenyewe, kwa sauti nzuri ya ofisini.

Wakamwambia abaki. Dereva wa gari lile, si Baba Ramazani, mwingine, akaanza kupiga kelele, "Tupande, tupande, mutatuponza wote!" Abiria wakapanda. Na mimi nikapanda. Mtu aliyekuwa karibu nami aliokota puaro akazirudisha kwenye kitunga, akakiweka miguuni pangu kwa huruma, kwa kuwa alijua. Wote walijua.

Nilifika Beni. Nilizipeleka bahasha tatu, nikasainiwa kila moja. Nilimpa mwanamke wa sokoni puaro, akasema, "Mama Masika mwenyewe iko wapi leo?" nikamwambia ana homa. Usiku ule nililala kwenye benchi ya kanisa.

Mama yako alirudi hapa Butembo kesho yake, siku niliyorudi mimi, saa mbili baada yangu, kwa miguu, na miguu yake imevimba. Wewe ulikimbia kumpokea, labda unakumbuka. Ulimwuliza alikuletea nini. Alikuwa amekishika kisu mkononi, kimekunjwa. Akakiweka juu ya meza mbele yangu.

"Kisu yako," akasema.

Nilimwuliza walimfanya nini. Akasema, "Nilimenya viazi. Gunia moja na nusu. Basi." Kiganja chake cha kulia kilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, mahali pa mpini. Sijui kama ni hayo tu. Sikuuliza mara ya pili, na hilo nalo liandike pamoja na mengine.

Tangu siku ile hakukigusa. Puaro alizikata kwa panga la koko. Asubuhi hakuna tena aliyeniita karani kwa kunidai kisu. Tulikula pamoja, tulisali pamoja, tukavuna maharage pamoja, na hakunikosea heshima hata siku moja. Ningependa angenipigia kelele.

Msimu uliofuata dada yake alimwita Kasese, akakubali. Nilimwambia bariere zimepungua, asiogope, mambo yatatulia. Alikuwa anafunga mzigo. Akasema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto:

"Siogope bariere, Papa Masika. Naogopa kusafiri na wewe."

Wewe alikuacha kwa sababu ya shule na ya koko, akisema utamfuata ukimaliza shule ya msingi. Sasa umeimaliza. Na tangu juma lile wenye silaha walipopita hapa mtaani wakiuliza nyumba zenye watoto wenye nguvu za kubeba mizigo, nimejua huwezi kubaki. Nilimwandikia mama yako. Jibu lilikuja kwa mdomo wa Baba Ramazani, ambaye hupeleka kahawa na vitunguu hadi Kasindi mpakani: "Mama anasema: mutoto akuje, na mbegu ya maharage ile ya koko, ya madoadoa. Basi." Nikamwuliza kama hakusema kitu kingine. Mzee akanyoosha kofia yake akacheka. "Karani, nilikuambia basi. Hiyo basi ni yake, si yangu."

Utaniuliza kwa nini siji nawe. Koko anasema ataondoka siku bustani itakapoota miguu. Na mimi ndiye ninayeandika karatasi za safari za watu wa mtaa huu, lakini yangu lazima isainiwe na mkubwa, naye amekataa mara mbili, mara ya pili bila kuangalia alichokataa. Mtu anayeondoka bila karatasi, wanakuja kuwauliza waliobaki. Waliobaki ni koko. Hivyo nimekaa hapa katikati kama mtu aliyeshikwa mikono yote miwili, huku nikizidi kuandikia wengine ruhusa za kwenda.

Kisu nilitaka kumpelekea mama yako. Nilidhani akikiona atajua ninachotaka kusema. Nilikihangaikia juma zima: ndani ya boga, ndani ya mkungu wa ndizi, mwisho kabichi. Nilifurahi nilipopata kabichi. Nilifurahi kweli, Masika, jinsi majani yalivyorudi vizuri. Mpaka uliposema iko nzito.

Wakati ule ndipo nilipoona mkono wangu. Ulikuwa ule ule. Uliingiza kisu changu katika kitunga cha mke wangu, na sasa unakiingiza katika kitunga cha binti yangu, ili mimi niseme samahani bila kufungua mdomo. Na kama wangekimwaga kitunga chako kesho na kuuliza ni cha nani, ungesemaje wewe? Ungesema ni chako. Nakujua. Una macho yake.

Sasa kipo hapa mezani, karibu na karatasi. Nimewaza pia nikiweke mfukoni mwangu kesho, nikusindikize mpaka bariere ya kwanza, na wakikikuta niseme mwishowe ile sentensi niliyoshindwa. Nimeirudia hapa peke yangu mara nyingi, mpaka kuku wa jirani wamekuja kuchungulia. Lakini wakinikuta nacho nawe umesimama karibu nami, watakushusha wewe pia. Hata ushujaa wangu umekuja siku ambayo unaweza kukuumiza. Basi nitakuja mikono mitupu. Nitakuuliza kuhusu viatu.

Koko ameamka. Nasikia anazifunga mbegu za maharage kwenye kitambaa, anahesabu kwa Kinande, anakosea, anaanza upya. Mapema leo alinikemea, "Mutoto anaenda bila mbegu ya kwao? Atapanda nini kule, barua zako?" Mbegu hizo utazibeba mkononi, wazi. Mbegu hazimtishi mtu. Mkipanda huko, sijui udongo wake ukoje. Mama yako atajua akiunusa.

Sikuombi umwambie anisamehe. Sikuombi hata unisamehe wewe. Ninataka tu ujue kwamba mama yako hakuondoka kwa sababu alichoka nasi, kama wanavyosema watu wa kanisa, wala kwa sababu ya biashara, kama nilivyokuambia mimi. Nilikudanganya kwa miaka miwili, kwa sauti ile ile nzuri. Na ukimwona amekaa kimya anaangalia kiganja chake, usimwulize. Mletee kazi yoyote mfanye pamoja.

Karatasi inaisha, na nimesikia mwimbo wenu wa kwaya barabarani, unakaribia.

Limebaki jambo moja. Nilipoanza kuikunja barua hii nilikwenda kutafuta sindano, niishone ndani ya pindo la koti lako. Nilikuwa nimekwisha kutunga uzi. Kisha nikaiona sindano mkononi mwangu kama nilivyokiona kisu, nikairudisha kwenye kopo la koko.

Hutaficha kitu changu. Utaibeba juu ya mbegu, mahali ambapo yeyote anayefungua kitunga ataiona kwanza, na wewe utaifungua ukishafika kwa mama yako. Humu sikuandika jina la mkubwa yeyote wala la jeshi lolote, waisome wakitaka. Na juu ya bahasha, badala ya jina lako, nimeandika kwa herufi kubwa, kwa mwandiko wangu wa ofisini, bila muhuri:

BARUA HII NI YANGU MIMI, PALUKU, KARANI WA MTAA, KIMEMI, BUTEMBO. MTOTO ANAYEIBEBA HAJUI KILICHOMO. KISU KINACHOTAJWA NDANI NI CHANGU PIA, KIKO KWANGU, JUU YA MEZA. MWENYE SWALI ANIULIZE MIMI. NIPO.